Maswali ya Wasomaji: Pembetano, nyota, na ile namba 1.618

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba ukichora pembetano yenye pande zote sawa na pembe zote sawa, alafu ukapima ulalo wake (mstari wa kutoka kona moja hadi kona isiyo jirani yake) ukagawa kwa upande, unapata 1.618, na hiyo ndo inaitwa uwiano wa dhahabu. Sentensi moja hiyo, meseji zikaanza kumiminika. Nimechagua hizi chache maana nyingi zilikuwa zinauliza kitu kilekile. Mengi yanayosemwa mtandaoni kuhusu hii namba hayana kichwa wala miguu, lakini kwenye pembetano ipo kweli, pale ndo nyumbani kwake, na mtu yeyote mwenye rula na bikari anaweza kuikuta mwenyewe bila kumwamini mtu, ndo maana leo safu nzima nimeipa hilo umbo moja.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi ni fundi wa kuchomelea, Morogoro. Mteja anataka nyota ya ncha tano katikati ya geti, ikae ndani ya duara la chuma lenye upana wa sentimita 60. Nimekata vyuma vitano vyote urefu mmoja ila nikivipanga nyota inalalia upande, ncha moja nene nyingine nyembamba. Nimepanga nimepangua, kwa macho haiji. Vipimo vyake vipo?

JIBU: Salama fundi, pole na kazi. Vipimo vipo, na ukishavijua hutahitaji kukisia tena. Shida yako sio kukata, umekata sawa kabisa, shida ni kwamba hujui vyuma vinapishana wapi, na nyota yote inategemea hapo.

Kila chuma cha nyota yako ni ulalo wa pembetano, yaani kinatoka kwenye ncha moja kinaruka ncha ya jirani kinaenda kugusa ya pili yake. Duara lako ni 60, nusu yake 30. Chukua 30 zidisha kwa 1.902 unapata 57.06, sema 57.1. Huo ndo urefu wa kila chuma. Sasa kwenye kila chuma weka alama mbili za chaki, moja sentimita 21.8 kutoka ncha ya huku na nyingine 21.8 kutoka ncha ya kule, katikati itabaki 13.5. Ukianza kupanga hakikisha vyuma vinakutana alama juu ya alama, chuma cha kwanza na cha pili, cha pili na cha tatu, mpaka umalize alama kumi zote zikutane mbilimbili. Zikikutana zote nyota imekaa, haiwezi kulala upande hata ukitaka. Ila kumbuka chuma bapa kina upana, kwa hiyo vipimo vyote hivi ni vya mstari wa katikati ya chuma, sio ukingoni, wengi wanaharibia hapo. Kabla hujachomelea moja kwa moja piga pointi ndogo tu, alafu pima kutoka ncha moja mpaka ncha ya jirani yake kuzunguka duara. Lazima upate 35.3 kote, mara tano.

Na hebu angalia kitu hapo. Ile 21.8 ukijumlisha na 13.5 ya katikati unapata 35.3, ambayo ndo umbali wa ncha kwa ncha uliopima sasa hivi kwenye duara. Haijatokea kwa bahati. Alafu gawa: 57.1 kwa 35.3, kisha 35.3 kwa 21.8, kisha 21.8 kwa 13.5. Zote zinakupa 1.6 na kitu, na ungetumia desimali nyingi badala ya kukata kama nilivyokata mimi, zote tatu zingetua kwenye 1.618. Chuma kimoja, alama mbili, na hiyo namba inajitokeza mara tatu. Mimi kila nikiliangalia hili nafurahi upya.

Kwa saizi nyingine utaratibu ni uleule, nusu ya duara mara 1.902 ndo urefu wa chuma, na urefu wa chuma mara 0.382 ndo alama kutoka kila ncha. Duara la mita moja linakupa chuma cha 95.1 na alama kwenye 36.3.

Ukipenda kuichora kwanza chini kwa chaki na kamba bila hesabu yoyote, njia ipo na ni ya zamani sana, imo kwenye kitabu cha Ptolemy, mtu wa Alexandria kule Misri, karne ya pili. Chora duara, piga mstari wa kulala upite katikati kabisa uguse duara pande zote mbili, alafu simamisha mwingine kutoka katikati kwenda juu uguse duara, pale juu paite C. Upande wa kulia wa mstari wa kulala, tafuta nusu ya njia kati ya kitovu na duara, paite M. Weka kamba kwenye M ivute mpaka C, sasa izungushe ishuke upande wa kushoto mpaka ikate ule mstari wa kulala, pale paite N. Umbali wa C mpaka N ndo upande wa pembetano, utembeze kuzunguka duara mara tano utarudi ulipoanzia. Kwenye duara lako la 60 utaona kamba inasoma 35.3 yenyewe. Na ukitaka cha ziada, kutoka kitovu mpaka N ni upande wa umbo la pembe kumi ndani ya duara hilohilo.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko fom three, Malindi. Umeandika 1.618 lakini hukusema inatoka wapi. Nimepima ya kwangu nikapata 1.63, rafiki yangu amepata 1.6. Sasa nitajuaje kama ni 1.618 kweli na sio 1.62 tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako ndo bora kuliko yote niliyopokea wiki hii na nalijibu polepole. Kwa kupima hutajua kamwe, kalamu yako ina unene na rula yako ina mwisho. Inabidi tuiache rula tutumie akili, chukua karatasi uchore pamoja na mimi.

Chora pembetano, zunguka uandike A, B, C, D, E. Kila upande una urefu 1. Ukikata pembetano yoyote kwa mistari kutoka kona moja unapata pembetatu tatu, kwa hiyo jumla ya pembe ni nyuzi 180 mara tatu, 540, na kwa kuwa zote sawa kila moja ni 108. Mpaka hapo hakuna jipya.

Sasa chora ulalo wa A mpaka C, na mwingine wa B mpaka E. Zinapokatana paite P. Urefu wa ulalo mzima hatuujui, tuuite u.

Angalia pembetatu ABE. Upande AB ni 1 na AE ni 1, pembe ya A ni 108, kwa hiyo zinazobaki mbili zinagawana 72, kila moja 36. Pembetatu ABC nayo hivyohivyo, kwa hiyo pale A, kati ya upande AB na ulalo AC, kuna nyuzi 36. Umeshika? Basi hamia kwenye kapembetatu kadogo ABP. Pale A kana 36, pale B kana 36, lazima pale P kawe na 108. Yaani kana pembe zilezile za ABE, umbo moja kabisa ila saizi tofauti. Hiyo ndo funguo ya kwanza.

Ya pili iko kwenye pembetatu EAP. Pale A pembe nzima ilikuwa 108, tumetoa 36, imebaki 72. Pale P, mstari BE umenyooka una 180, tumetoa 108, imebaki 72. Pembe mbili zikiwa sawa na pande zinazozitazama ni sawa, kwa hiyo EP ni sawa na EA, na EA ni upande wa pembetano, ni 1. Rudia tena hapo taratibu: ulalo mzima BE ni u, kipande EP ni 1 kamili, kwa hiyo kipande BP ni u toa 1. Fundi wa Morogoro ameliona hilihili kwenye chuma chake, kipande kirefu cha ulalo ni sawasawa na upande.

Sasa malizia. ABE ina kitako u na miguu ya 1. ABP ina kitako 1 (ni ule upande AB) na miguu ya u toa 1. Umbo ni moja kwa hiyo kitako gawa kwa mguu lazima ilingane: u gawanya kwa 1 ni sawa na 1 gawanya kwa (u toa 1). Zidisha kukatisha, unapata u mara u toa u sawa na 1. Hiyo ni kwadratiki ya kawaida kabisa ambayo fom three mnaifanya kila siku, ingiza kwenye fomula, jibu moja ni hasi tunaliacha maana urefu hauwi hasi, lingine ni kipeuo cha pili cha 5, jumlisha 1, gawa kwa 2. Kipeuo cha 5 ni 2.2360679, jumlisha moja 3.2360679, nusu yake 1.6180339 na inaendelea. Hilo ndo jibu lako mwanangu, sio 1.62 na sio 1.6, na hakuna mtu aliyepima chochote.

Kwa haraka tu, kuna njia ya mkato pia. Huyu Ptolemy niliyemtaja kwa fundi ana kanuni moja, kwamba umbo la pembe nne lililokaa ndani ya duara, ukizidisha ulalo wake mmoja kwa mwingine unapata sawa na jumla ya pande zinazotazamana zikizidishwa. Futa kona moja ya pembetano, zilizobaki nne zinafanya umbo lenye pande 1, 1, 1 na u, na ulalo wote ni u. Kwa hiyo u mara u ni sawa na 1 mara 1 jumlisha 1 mara u. Mstari mmoja umemaliza. Ila nimekupa ile ndefu kwanza makusudi, maana kwenye ile unaona kwa macho yako kwa nini iko hivyo.

Na ukiwa na kalikuleta bonyeza kosaini ya 36, utaona 0.809, zidisha mara mbili.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, Tabora. Wanasema Wagiriki walishtuka walipogundua kuwa namba hii haiandikiki kwa sehemu. Je, unaweza kulionyesha hilo kwenye pembetano yenyewe bila aljebra? Na je, ni Wagiriki tu walioshughulika nayo?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Linaonekana, tena kwa pembetano ni rahisi kuliko kwa umbo lolote ninalolijua.

Chora ulalo wote tano. Katikati patabaki pembetano nyingine ndogo, imegeuka kichwa chini. Ndani ya hiyo chora tena ulalo wake, unapata nyingine, na nyingine, mpaka kalamu ishindwe. Sasa tuseme kuna kijiti fulani kidogo kinachopima upande wa pembetano kubwa mara kamili, hakibaki wala hakipungui, na kinapima ulalo wake pia mara kamili. Tumeshaona kwamba kipande kifupi cha ulalo ni ulalo toa upande, kwa hiyo kijiti kitakipima hicho nacho mara kamili, na kipande hicho kina urefu sawa na ulalo wa pembetano ndogo. Upande wa ile ndogo ni ulalo mkubwa ukitoa vipande vifupi viwili, kwa hiyo nao unapimika. Basi kijiti kilekile kinapima pembetano ndogo yote, na kwa hoja hiyohiyo kinapima iliyo ndani yake, na iliyo ndani ya hiyo, bila mwisho, wakati kila mara pembetano inapungua zaidi ya mara mbili na nusu (2.618 kwa hesabu) na mwishowe itakuwa ndogo kuliko kijiti chenyewe. Haiwezekani. Kijiti hicho hakipo. Ndo maana hakuna sehemu, iwe 8 kwa 5 au 55 kwa 34 au nyingine yoyote, inayotua kamili kwenye uwiano huu, zinasogea tu.

Habari za shule ya Pythagoras, yule Mgiriki wa kale, na nani alishtuka zimepambwa sana na waliokuja baadaye, mimi siziwekei uzito. Kilichoandikwa na kubaki ni cha Euclid, Alexandria, kama mwaka 300 kabla ya Kristo. Kwenye kazi yake ya jiometri iitwayo Elements, kitabu cha 4, anafundisha kuingiza pembetano ndani ya duara, na kwenye kitabu cha 13, hoja ya 8, anathibitisha hasa hili tunalolizungumza, kwamba ulalo wa pembetano unakatana kwa uwiano huu na kipande kikubwa ni sawa na upande. Yeye hakuita dhahabu, jina la dhahabu lilikuja kuandikwa Ujerumani na Martin Ohm mwaka 1835. Kabla yake Luca Pacioli, mtawa wa Italia, aliuita uwiano wa Mungu kwenye kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1509, michoro ya maumbo ikachorwa na Leonardo da Vinci.

Ila katikati pale kuna mtu ambaye watu wetu hawamtaji na inaniuma. Abu Kamil, Mmisri, karne ya tisa kuingia ya kumi, aliandika kazi nzima kwa Kiarabu kuhusu pembetano na umbo la pembe kumi. Euclid alitumia michoro, huyu akashika aljebra ya al-Khwarizmi, mwanahesabu wa Baghdad, iliyokuwa bado changa, akachukua duara lenye kipenyo cha namba fulani akatafuta upande wa pembetano yake kwa milinganyo, na vipeuo vya 5 vikiwa ndani ya vipeuo vingine hakuviogopa. Fibonacci wa Italia, yule wa mfululizo wa 1, 1, 2, 3, 5, 8, alichota mengi kwake. Mwalimu, ukikutana na wanafunzi wako wa zamani wanaofundisha sasa, naomba jina hili uwape.

SWALI: Kuna programu ya simu inapima uso inakupa asilimia za uwiano wa dhahabu. Mimi nimepata ndogo na marafiki zangu wamepata kubwa, imenikaa kichwani. Ni sayansi kweli? Binti, Arusha.

JIBU: Dada yangu, hapana, na naomba ikutoke kichwani leo hii. Kwenye pembetano tunajua pa kupima, kona mpaka kona, hakuna ubishi. Usoni unaanzia wapi? Kwenye nywele au kwenye paji, kwenye ncha ya pua au chini yake, ukiwa umecheka au umenyamaza, na picha imepigwa kwa kamera iliyo karibu au mbali? Aliyetengeneza programu amechagua pointi zinazompendeza yeye, ukizisogeza milimita mbili tatu jibu linakuwa lingine. Hakuna kanuni ya maumbile inayosema uso mzuri ni 1.618.

Ndo hivyohivyo wanavyosema kuhusu kadi ya benki. Kadi ni milimita 85.6 kwa 53.98, gawa, ni 1.586. Na lile gamba la nautilasi, mnyama wa baharini, linalowekwa kila mahali: mzunguko wa dhahabu, yaani mstari unaozunguka huku ukipanuka kwa namba hii, unakua karibu mara 6.85 kwa kila duru moja kamili, la nautilasi linakua kama mara tatu. Ni zuri kwa uzuri wake lenyewe.

SWALI: Fundi marumaru, Dar. Kwa nini hakuna marumaru za pembe tano madukani? Za nne zipo, za sita zipo.

JIBU: Kwa sababu ya 108. Ili marumaru zizibe sakafu, pale kona zinapokutana lazima zijae nyuzi 360. Za pembe nne, 90 mara nne, imejaa. Za pembe sita, 120 mara tatu, imejaa. Za pembe tano ukiweka tatu unapata 324, unabaki na ufa wa nyuzi 36, ya nne haiingii. Hapo nazungumzia ile yenye pande na pembe sawa. Zikiwa za pande na pembe zisizo sawa inawezekana, na zipo aina 15 za pembetano zisizo na bonde (yaani hakuna kona iliyoingia ndani) zinazoweza kuziba sakafu, ya mwisho ilipatikana mwaka 2015, na hapa kuna mtu wa kumkumbuka, Marjorie Rice, mama wa nyumbani wa California ambaye hesabu yake ilikuwa ya sekondari tu, miaka ya 1970 alisoma kwenye jarida kuhusu tatizo hili akakaa jikoni kwake akachora mpaka akapata aina nne mpya ambazo wataalamu hawakuwa nazo.

Ule ufa wa 36 lakini una kazi yake. Ukiuvuta ufungike, sakafu inanyanyuka inakuwa mpira! Pembetano 12 zikifungwa hivyo zinatengeneza umbo lenye kona 20, na 20 mara 36 ni 720. Sasa chukua mpira wa miguu wa zamani wenye vipande vyeusi na vyeupe, ule wa Telstar uliochezwa Kombe la Dunia Mexico mwaka 1970. Una pembetano nyeusi 12 na pembesita nyeupe 20. Kila kona yake inakutanisha 108 na 120 na 120, jumla 348, ufa wa nyuzi 12. Kona ziko 60. Sitini mara kumi na mbili, 720 tena. Itakuwa 720 kwa kila umbo la namna hii lililofungwa pande zote, hata boksi la viatu, kona nane mara 90.

Na mwaka 1974 Roger Penrose, mwanahesabu wa Uingereza, akapata njia ya kuziba sakafu kwa vigae vya aina mbili tu vyenye pembe zinazotokana na pembetano (72 na 108 kwa kimoja, 36 na 144 kwa kingine), sakafu inajaa bila ufa ila ukifuata kanuni yake ya kuviunganisha mchoro wake haujirudii kwa mpangilio hata uitandaze vipi, na kadiri unavyoitandaza idadi ya vigae vinene kwa vyembamba inasogea kwenye, eeh, 1.618. Watu wakaona ni mchezo wa karatasi. Mwaka 1982 Dan Shechtman, mwanasayansi wa Israel, akaweka aloi ya aluminiamu na manganizi kwenye hadubini ya elektroni akaona alama zimepangwa kwa kumi kuzunguka, kitu ambacho vitabu vyote vya fuwele vilisema hakiwezekani kwa sababu hiihii ya marumaru zako. Alibishiwa miaka, hadi na Linus Pauling mwenye Nobeli mbili. 2011 Shechtman akapewa Nobeli ya kemia.

SWALI: Jambo mwalimu, niko Goma. Nyota ya kwenye drapo yetu ya Kongo iko na hiyo namba? Na zile za Burundi?

JIBU: Jambo sana ndugu. Ya Kongo ndiyo, ile nyota ya manjano ya pembeni juu ina ncha tano, na nyota ya kawaida ya ncha tano yote ni ulalo wa pembetano hata kama mistari ya ndani imefutwa, weka rula kutoka ncha moja kupita mabega mawili hadi ncha nyingine utaukuta ulalo umenyooka. Za Burundi hapana, nyota zake tatu zina ncha sita, ni pembetatu mbili zimepandana, pale mstari unakatwa vipande vitatu sawasawa na uwiano wa mstari kwa umbali wa ncha jirani ni kipeuo cha pili cha 3, yaani 1.732. Bendera nzuri kabisa ya kufundishia hili ni ya Morocco, nyota yake ya kijani imechorwa kwa mistari iliyosukana na makutano yote yanaonekana.

SWALI: Nafundisha darasa la sita, Kilwa. Bikari zetu ni chache na zimelegea. Nawezaje kuwaonyesha watoto hii pembetano kwa vifaa vya bure?

JIBU: Kwa fundo, mwalimu. Kata utepe wa karatasi wenye upana uleule mwanzo mpaka mwisho, sentimita 4 ni saizi nzuri kwa mikono ya watoto, urefu kama 40, karatasi ya daftari mbili zikiunganishwa kwa gundi zinatosha. Ufunge fundo moja la kawaida kabisa kama unavyoanza kufunga kamba ya kiatu, ila usiukunje. Vuta ncha zote mbili taratibu huku unaulaza kwenye meza, endelea kukaza kidogo kidogo mpaka kona zote zibane na pasibaki tundu katikati, hapo ndo bonyeza kwa kucha mikunjo ikae. Ukiharakisha karatasi inachanika au inakaa upande, kwa hiyo waambie wavute kwa vidole viwili tu. Utapata pembetano yenye mikia miwili. Mkia mmoja ukunje kwa nyuma upite juu ya fundo, mwingine ukate, alafu waelekeze wainue kwenye mwanga wa dirisha, nyota nzima itaonekana ndani ya karatasi kwa sababu kila ukingo wa utepe umepita juu ya ulalo mmoja.

Baada ya hapo wapime. Utepe wa sentimita 4 unatoa upande wa karibu 4.2 na ulalo wa karibu 6.8. Kila mtoto agawe wa kwake, muandike majibu yote ubaoni mtafute wastani wa darasa, atakayepata 1.5 au 1.7 mwambie afungue fundo akaze upya kabla hajapima tena.